Maji Meupe ya Tambarare

Neema ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa nyumbani kwangu Pasua, Moshi mjini, nimekaa kibarazani nachambua mchicha, na nilipoona jina lake kwenye simu nilijua kuna jambo, kwa sababu Neema hutuma ujumbe, hapigi. "Dada Haika," alisema, "Tabitha ametutoka." Hakulia. Aliniambia ni presha, kwamba dada yake alianguka jikoni asubuhi na hakuamka tena, kwamba mazishi ni Jumamosi, na kama naweza niende mapema nikae na wanawake. Baada ya hapo nilibaki na bakuli la mchicha mapajani hadi jua likanifikia miguuni. Mimi ni nesi mstaafu. Nimefunga macho ya watu wengi, na nilidhani kifo hakiwezi tena kunikalisha namna ile. Tena Tabitha hakuwa mtu wa maisha yangu yote. Alikuwa mtu wa mwaka mmoja, mwaka niliosoma kidato cha pili Mwika, huko mlimani, na tangu hapo tulikuwa tukionana kwenye harusi na misiba tu, tukiulizana habari za watoto na kuagana. Kilichonikalisha ni kwamba mwaka ule sasa nimebaki nao peke yangu, hakuna mwingine wa kumwuliza kama mambo yalikuwa kweli hivi ninavyoyakumbuka.

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjane aliyeitwa Bibi Anasia. Shule yetu haikuwa na bweni, na sote wawili tulitoka mbali: mimi Mkuu, Rombo, yeye tambarare huko chini, ng'ambo ya mashamba ya miwa, ambako baba yake alikuwa mkata miwa aliyehamia kutoka Singida. Chumba kilikuwa cha mbao, na kabla yetu walikuwa wakilala ndama. Tulikisugua kwa maji ya moto na majivu, lakini siku za mvua harufu yao ilirudi. Kitanda kilikuwa kimoja, tukilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na miguu ya Tabitha ilikuwa ya baridi kila siku ya mwaka. Nje migomba ilisongamana hadi mlangoni, kiasi kwamba hata mchana tulisoma kwa kibatari, na mvua ilipokwisha kunyesha angani iliendelea kudondoka kutoka kwenye majani. Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka unyevu: daftari zilizovimba, sketi zisizokauka, blanketi lililonata. Tabitha alizaliwa kwenye joto na vumbi, na alikuwa akisimama mlangoni asubuhi akitazama ukungu kama mtu aliyefungiwa.

Bibi Anasia alitupikia jioni. Mara nyingi kilikuwa kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja na kupondwa, tukila jikoni kwake huku moshi ukituumiza macho. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na sauti kubwa. Jumapili baada ya ibada wanawake wenzake walikuja kunywa mbege, pombe ya ndizi, upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao, na mbao zile hazikuficha neno. "Yule msichana wa tambarare ana sura nzuri," nilimsikia mmoja akisema, "lakini meno yale! Kwao hawajui mswaki?" Mwingine akasema ni ugoro wa mama yake wakati wa mimba. Bibi Anasia akasema, "Anapiga mswaki kuliko hata huyu wangu wa Rombo, namwona kwa macho yangu. Ni laana tu ya huko." Wakacheka. Tabitha alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta, macho wazi. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka na vishimo vidogo, na aliyasugua kwa mkaa na kwa majani ya kila aina hadi fizi zikatoka damu. Baadaye, katika kazi yangu, niliona meno kama yale kwenye vinywa vingi, na kila mara nilisikia kicheko cha wale wanawake upande wa pili wa mbao.

Maabara ya shule ilikuwa ghala la kahawa la zamani. Madirisha yalikuwa juu sana, na pembeni bado palikuwa na magunia matupu ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Kimaro, alikuwa kijana mwembamba mwenye sweta moja la kijani na kikohozi kisichokwisha. Alitakiwa kutufundisha kwa Kiingereza, na kila kipindi alianza kwa Kiingereza mlango ukiwa wazi. Kisha alipoona nyuso zetu alikwenda kuufunga, akarudi mwanzo kwa Kiswahili. Siku ninayoisema aliweka bilauri mbili mezani. Katika moja alitia mchanga, katika nyingine chumvi, akazikoroga zote. "Hii ya mchanga ni mchanganyiko," alisema. "Iache itulie, mchanga utashuka. Ipitishe kwenye kitambaa, mchanga utabaki juu. Hii nyingine nayo ni mchanganyiko, lakini wa aina yake. Tunauita myeyusho. Haya, chumvi iko wapi?" Akayapitisha maji ya chumvi kwenye karatasi ya kuchujia, tukatazama yanavyodondoka, meupe kabisa, na karatasi haikubaki na kitu. Akamwita Tabitha, aliyekaa mbele. "Onja." Tabitha akachovya kidole. "Ni chumvi, Mwalimu. Vilevile kama mwanzo."

"Na tukichuja mara ya pili?"

"Itakuwa vilevile."

"Na tukiyaacha hapa hadi mwakani?"

Tabitha alifikiri. "Yakifunikwa, vilevile," alisema. "Haishuki. Imekwisha kuwa ndani yake."

Mwalimu Kimaro alifurahi hadi akakohoa. Kisha akamimina maji yale kidogo kwenye kibakuli, akakiweka juu ya jiko la mafuta ya taa, tukasubiri. Maji yalipokwisha kulibaki unga mweupe chini, na wanafunzi wakaanza kukusanya daftari maana kengele ilikuwa karibu. Tabitha hakuinuka. Alikuwa ameinamia kibakuli. "Mwalimu," alisema, "birika la mama lina ukoko mweupe kama huu." Mwalimu akamwuliza wanatumia maji ya wapi. Akasema ya kisima, baba yake na wenzake ndio waliokichimba, na maji yake ni meupe ajabu, huwezi kuyalinganisha na ya mtoni. Tena mama yake anayachuja, na baada ya kuyachuja anayachemsha. Alisema kwa fahari, akisahau kuziba mdomo. Nikaona Mwalimu anamtazama meno. Hakutazama kama watu wengine walivyotazama, ila Tabitha alifunga mdomo hata hivyo. "Ukoko pekee hautuambii ni kitu gani," Mwalimu alisema taratibu. "Unatuambia tu kwamba maji yenu yamebeba kitu. Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

"Mmoja. Neema."

"Anatembea vizuri?"

Kengele ililia, wenzetu wakatoka. Tabitha alijibu baada ya mlango kufungwa. "Miguu yake imepinda. Jirani anasema alibebwa vibaya mgongoni."

Jioni ile tulipolala aliniambia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Kabla yeye hajazaliwa kulikuwa na kaka, Yusufu, aliyekufa kwa kuharisha akiwa bado ananyonya, miaka waliyokunywa maji ya mtoni. Mama yao aliambiwa kliniki kwamba ni maji. Tangu siku hiyo hakumpa mtu yeyote nyumbani mwake tone la maji lisilochemshwa. Hata mgeni mwenye kiu alisubiri yapoe. Kisima kilipochimbwa, Tabitha akiwa bado anabebwa mgongoni, mama aliimba, ndivyo alivyosimuliwa, aliimba siku nzima, na bado aliendelea kuchuja kwa kitambaa cheupe na kuchemsha, kwa sababu alikuwa ameapa. Niliposikia hayo nilikuwa msichana wa kidato cha pili na sikuona kilicho ndani yake. Tabitha alikwisha kukiona. Alijikunja kuelekea ukutani, na miguu yake ya baridi ikabaki ubavuni kwangu.

Alikwenda kwao mwisho wa mwezi, akarudi na chupa ya maji ya kisima amefunga kwa kipande cha nailoni. Mwalimu Kimaro aliichukua hadi mjini Moshi, kwa watu wanaopima maji, na tukakaa kungoja. Katika kungoja huko Tabitha alisoma kuliko wakati wowote. Alijua kila kitu kinachoyeyuka na kisichoyeyuka. Jikoni kwa Bibi Anasia aliweza kukaa na kijiko akitazama sukari inavyopotea kwenye chai, akisahau kunywa, hadi Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, chai hiyo ni ya kunywa, si ya kupigia ramli." Tulicheka sote, hata yeye. Ni mojawapo ya vicheko vichache ninavyovikumbuka.

Majibu yalikuja mvua ikinyesha. Mwalimu Kimaro alikuja mwenyewe, akasimama kwenye mlango wa chumba chetu na maji yakimtiririka, akakataa kukaa. Alisema maji yale yana madini yanayoitwa floraidi. Yakiwa kidogo hayana neno, lakini ya kisima kile yamezidi sana. Yanaharibu meno ya mtoto yakiwa bado hayajaota, na mifupa ikiwa bado laini. Yanatoka kwenye mawe ya ardhini, si kosa la mtu. "Yanaonjeka?" Tabitha aliuliza. "Hayaonjeki." "Yananuka?" "Hapana." Tabitha akasema, "Mama ana mimba, Mwalimu." Mwalimu akafuta uso kwa kiganja. "Basi twende Jumamosi," alisema. "Tusingoje."

Nilikwenda nao kwa sababu Tabitha aliniomba. Tulishuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye jua kali, tukapita miwa isiyo na mwisho, tukafika kijijini kwao mchana. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba viwili vilivyofagiliwa hadi sakafu ikang'aa. Mama yake Tabitha alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Nilimwamkia shikamoo akaitika akinishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba mimi pia ni wake. Neema alikuja kutusalimu akiyumba upande na upande, magoti yameachana mbali, na katikati ya miguu yake mbuzi mdogo angeweza kupita. Mama alituandalia ugali wa mtama na mlenda, na kabla ya chakula alileta trei yenye bilauri tatu za maji. Yalikuwa maangavu hivi kwamba niliona maua ya trei chini yake. Mwalimu Kimaro hakugusa yake. Nilikuwa na kiu ya kufa, nami nikaacha.

Baba yake Tabitha aliona. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miwa. "Mwalimu," alisema, "maji hayo ni safi. Kunywa."

"Baba Tabitha, hayo ndiyo yaliyonileta."

Akaeleza. Aliomba chumvi, akaitia kwenye bilauri yake, akakoroga, akaonyesha. Alieleza vizuri, kwa upole, kuliko alivyotufundisha sisi. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama. "Mimi niliingia mle shimoni kwa mikono hii," alisema. "Mwenzetu mmoja alifukiwa na udongo tukamtoa amekwisha kupoteza fahamu. Watoto wa kijiji hiki walikuwa wanakufa, Mwalimu. Wanakufa! Tangu tupate kisima hatujazika mtoto kwa kuhara. Leo unatoka huko mlimani kwenye mifereji yenu ya maji unakuja kuniambia kisima changu ni sumu?" Sauti yake ilifika nje, na majirani wakaanza kusogea. Mwalimu alisema hajasema sumu, na hajamlaumu mtu. Lakini baba alikuwa amekwisha kutoka, na tulimsikia uani akiwaambia watu, na watu wakiguna.

Mama hakuwa ameinua macho kutoka kwenye ile bilauri. Aliichukua, akaonja, akairudisha mezani. "Kitambaa hakishiki," alisema.

"Hakishiki, mama," Mwalimu alijibu.

"Na nikichemsha?"

Mwalimu Kimaro alishikwa na kikohozi, au alijifanya. Tabitha ndiye aliyejibu, akiwa amesimama karibu na mlango, kwa sauti ile ile aliyojibia darasani. "Ukichemsha, mama, yanayoondoka ni maji. Yale madini yanabaki. Yanazidi kukolea."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayeelezwa njia. Neema alikuwa amemwegemea, akicheza na upindo wa khanga yake. "Kwa hiyo nilikuwa nampikia," mama alisema. Akainuka, akachukua trei na bilauri zote, akatoka nazo jikoni, na tukasikia maji yakimwagwa. Nimekaa na akina mama wengi walioambiwa habari mbaya za watoto wao, na wengi hulia, wengine hugombana na daktari. Sijaona mwingine aliyeipokea kimya namna ile, wala sijaacha kujiuliza kama tulifanya vema kwenda. Najua tulifanya vema. Najiuliza hata hivyo.

Kijiji hakikukubali. Tabitha alituletea habari kidogo kidogo: wengine walisema watu wa mlimani wanataka kuwauzia maji, wengine waliogopa lakini mto ulikuwa mbali na ndio uliowaua watoto wao zamani. Mama aliacha kutumia maji ya kisima kwa kunywa na kupikia siku ile ile, hata mume alipomkataza. Alitembea na tumbo lake hadi mtoni, akarudi na ndoo ya maji ya udongo, akayaacha yatulie, akayachuja, akayachemsha. Hayo angalau yalimtii. Miezi ilivyoenda hakuweza tena kubeba. Baba hakuwahi kusema kwamba amekubali, wala siku ile wala hadi anakufa. Ila jioni moja alirudi kutoka kazini bila baiskeli yake, akivuta punda kwa kamba, akamfunga nyuma ya nyumba akaingia ndani kula.

Nami nilirudi kutoka darasani siku moja, karibu na mtihani wa taifa wa kidato cha pili, nikakuta upande wa Tabitha wa kitanda mtupu. Blanketi lilikuwa lake, hivyo lilikuwa limeondoka. Sahani, mswaki, viatu vya shule, vyote. Daftari la kemia alikuwa ameniachia juu ya mto. Bibi Anasia alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, hajawasha moto. "Mama yake yuko karibu kujifungua," aliniambia. "Nani atakayempeleka punda mtoni? Yule mdogo mwenye matege?" Kisha akajifunika uso kwa khanga, akaona aibu kwa maneno yake. Mwalimu Kimaro alimfuata tambarare mara mbili. Mara ya kwanza aliahidiwa kwamba atarudi Januari. Mara ya pili hakutuambia aliambiwa nini. Aliingia darasani, akaacha mlango wazi, akafundisha kipindi kizima kwa Kiingereza.

Nilifanya mtihani. Nakumbuka kulikuwa na swali kuhusu michanganyiko na myeyusho, na kwamba niliandika haraka, majibu yote yakiwa kwa sauti ya Tabitha. Nilifaulu. Januari haikumleta Tabitha, na mwaka uliofuata chumba kile nilikaa na msichana wa Kibosho ambaye jina lake limenitoka.

Mama yake alikuja shuleni mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa kidato cha tatu. Nilikuwa nafagia maabara, zamu yangu. Nilisikia hodi, nikageuka nikamwona mlangoni, amekonda, na mgongoni amebeba mtoto wa kiume. Alikuwa amepanda mlima wote ule peke yake kumtafuta Mwalimu Kimaro. Ilinibidi nimwambie kwamba Mwalimu alikwisha kuhamishwa, na hatukujua vizuri ni wapi. Alisimama akifikiri. Kisha akafungua khanga, akamshusha mtoto, akamsimamisha kwenye sakafu ya saruji, akarudi nyuma hatua chache akamwita. Mtoto akaja. Alitembea akiyumba kama watoto wote wanaoanza, mikono juu, akamfikia mama yake akamshika magoti. Leo najua kwamba umri ule bado ni mapema, miguu ya mtoto haijasema lolote. Yeye hakujua, nami sikujua, na kwa bahati mtoto yule alikua akanyooka. Lakini siku ile mama alimgeuza akamrudisha ukutani, akamtembeza tena, na tena, akinitazama mimi badala ya mtoto, mpaka nikaelewa kwamba kwa kuwa Mwalimu hayupo ni lazima mimi nione.

"Nimeona, mama," nilimwambia.

Akaketi chini pale pale kwenye saruji, akamweka mtoto mapajani. Sikuwa na cha kumpa. Nilimwuliza kwa nini hakuja na Tabitha, tungefurahi sana kumwona, hata Bibi Anasia humwulizia.

"Ameenda mtoni," alisema.